Mizinga juu ya barafu: safari ya Henry Knox siku kwa siku, Ticonderoga hadi Boston, 1775–76

Safari hii ilitaka hali mbili za hewa zisizopatana. Kipande cha kwanza kilihitaji ziwa lisigande, kwa kuwa mizinga ilipita majini. Kipande cha pili kilihitaji kila kitu kigande: mito iwe sakafu, na barabara za matope zifunikwe na theluji. Ukizisoma tarehe za hapa chini ukiwa na hilo kichwani, utaona kwa nini wiki moja watu walikwenda mbio na wiki iliyofuata walikaa wakitazama mto.

Kwa ufupi: vita kati ya makoloni ya Marekani na Uingereza vilianza Lexington na Concord, Aprili 19, 1775. Jeshi la Uingereza likarudi Boston, na waasi wakauzingira mji. Waasi walikuwa na bunduki za gumegume, ila hawakuwa na mizinga mizito ya kufika mjini wala bandarini. Mizinga ya namna hiyo ilikuwa imelala Ticonderoga, ngome ya mpakani kwa Ziwa Champlain, iliyotekwa na Ethan Allen na Benedict Arnold Mei 10 mwaka huohuo. Kutoka huko hadi Boston ni kama kilomita 480.

Novemba 16, 1775, Cambridge

George Washington, mkuu wa jeshi la waasi, anamwandikia Knox maagizo. Kwanza aende New York kuona kinachopatikana huko, kisha kwa Jenerali Philip Schuyler, kamanda wa waasi upande wa kaskazini, na upungufu uliobaki aukamilishe Ticonderoga. Asihurumie taabu wala gharama. Knox ana umri wa miaka 25. Ni muuza vitabu wa Boston, na mambo ya mizinga ameyasoma zaidi kwenye vitabu vya dukani kwake. Cheo cha ukanali bado kiko njiani kutoka kwa Kongresi, bunge la makoloni. Anafuatana na mdogo wake William, mwenye miaka 19, na mtumishi mmoja.

Novemba 25 – Desemba 4

New York tarehe 25. Wanaondoka tarehe 28. Albany Desemba 1. Fort George, ncha ya kusini ya Ziwa George, Desemba 4. Hawana mzigo, kwa hiyo wanakwenda haraka, na hapana la kueleza.

Desemba 5, Ticonderoga

Kazi ya kwanza ni kuchagua. Silaha ni nyingi lakini si zote zinazofaa: kuna zilizoliwa na kutu, na kuna zilizochakaa. Orodha yake ina silaha 59: mizinga 43 ya chuma na ya shaba, mota 14 (mizinga mifupi inayorusha makombora juu sana), ambazo 6 kati yake ni zile ndogo, na hauza 2, aina iliyo kati ya mzinga na mota. Juu yake kuna masanduku 23 ya risasi ya kuyeyushia na pipa moja la mawe ya gumegume.

Hapa inafaa kueleza vipimo, maana vinawachanganya wengi. Mzinga hutajwa kwa uzito wa tufe unalorusha. “Mzinga wa 18” hurusha tufe la ratili 18, yaani kilo 8 hivi, lakini chuma chake chenyewe kinakaribia tani mbili. Mota hutajwa kwa upana wa mdomo. Kubwa kuliko zote hapa ni za inchi 13, mdomo wa sentimita 33. Mzigo wote ulikadiriwa karibu ratili 120,000, kama tani 54. Ni mzigo wa semitrela mbili za leo, lakini umegawanyika vipande 59.

Desemba 6–8

Ngome haipo ukingoni mwa Ziwa George. Katikati kuna mto La Chute, mfupi na wenye maporomoko, hivyo chombo hakipandi. Mizinga inateremshwa ngomeni, inavushwa kwa mashua hadi chini ya maporomoko, inakokotwa nchi kavu kwa maksai hadi gati la kaskazini la ziwa, kisha inapakiwa tena. Kila silaha imenyanyuliwa na kushushwa mara kadhaa kabla safari yenyewe haijaanza.

Pale gatini vipo vyombo vya aina tatu: tishari, mashua ya tanga na mashua bapa ya makasia. Baridi inaongezeka, na kandokando ya ziwa barafu imeshaanza kushika. Wakichelewa siku kumi tu, tishari litabaki limenaswa hadi majira ya kuchipua.

Desemba 9, Ziwa George

Saa 9 alasiri wanang’oa nanga kuelekea kusini. Ziwa ni refu, kama kilomita 51, na jembamba. Upepo ukigeuka hakuna nafasi ya kupiga bisho na chombo kilichojaa chuma. Mashua ya Knox inatangulia. Kama maili moja nyuma yake, tishari linapanda mwamba uliofichwa na maji na kukwama. Upepo ni mzuri kwa anayeendelea mbele, lakini ni wa omo kwa anayetaka kurudi kusaidia, kwa hiyo Knox anaendelea. Baadaye upepo unakatika. Saa 3 usiku, kwa shida, wanafika Sabbath Day Point, ambako wenyeji asilia wa nchi wana kibanda chenye moto mzuri. Wanakaribishwa nyama ya kulungu iliyochomwa, na Knox aliisifu kwenye shajara yake.

Desemba 10

Upepo wa omo. Wanapiga makasia saa nne mfululizo, kisha wavutaji wanaomba kushuka kuota moto. Knox anakubali, maana anaona wamekwisha. Wanaporudi majini inawachukua zaidi ya saa sita za kuvuta kwa nguvu hadi Fort George.

Desemba 12, Fort George

Knox anaagiza sleji kwa George Palmer wa Stillwater: 40, imara, kila moja ya kubeba mzinga mrefu wa ratili 5,400, yaani kilo 2,450 hivi, bila mzinga kuburuta chini. Kwa asiyeijua, sleji ni kitanda cha mbao kisicho na magurudumu, kilichowekwa juu ya miguu miwili mirefu iliyopinda mbele kama omo ya mtumbwi. Juu ya theluji iliyoshindiliwa huteleza kwa urahisi kuliko gurudumu. Theluji ikikosekana, ni gogo linaloburutwa.

Desemba 14 na siku zilizofuata

William analeta habari za tishari. Lilinasuliwa mwambani, kisha likajaa maji na kuzama karibu na Sabbath Day Point. Kilichowaokoa ni kwamba lilizama kwenye maji mafupi, ukingo wa juu ukabaki nje. Tishari likiwa hivyo, kazi inajulikana hata kwa mvuvi: ziba penye tundu, fua maji kwa ndoo haraka kuliko yanavyoingia, chombo kitanyanyuka chenyewe. Kama ukingo ungekuwa shubiri moja chini ya maji, kufua kusingewezekana, kwani ziwa zima lingekuwa linarudi ndani. Waliliibua, wakapanga mzigo upya na kuendelea.

Desemba 17

Mizinga yote iko Fort George. Knox anamwandikia Washington kwamba ametengeneza sleji 42 madhubuti, ameandaa jozi 80 za maksai, na anatumaini kufikisha mizinga baada ya siku 16 au 17. Sharti ni moja tu, theluji. Hakuna theluji. Ziwa walilivuka kwa kuwa baridi haikuwa imekaza. Sasa baridi hiyohiyo waliyoikimbia ndiyo wanayoiombea.

Desemba 24–26

Knox anatangulia kwenda Albany kupanga usafiri. Usiku wa kuamkia Krismasi theluji inaanguka kama sentimita 60. Ndicho kitu alichokiomba, ila kimekuja chote kwa mkupuo. Farasi wanachoka chini ya Saratoga, na Knox analazimika kutembea kama kilomita tatu msituni, theluji ikifika karibu mita moja kwenda chini, bila njia iliyokanyagwa. Nyumba ya jirani inampa kifungua kinywa na farasi, kwingine anapewa sleji, na anaingia Albany amekaribia kufa kwa baridi.

Theluji mpya kiasi hicho haipitiki na sleji nzito. Miguu inazama na tumbo la sleji linalalia theluji. Inabidi kwanza zipite sleji tupu au nyepesi, mara nyingi, hadi njia ikazane.

Desemba 28–31, Albany

Siku hizi nne hazimo katika picha yoyote maarufu, nami naona ndizo zilizoamua mambo. Palmer wa Stillwater amekuja kupatana bei. Anataka shilingi 24 kwa siku kwa jozi mbili za maksai. Schuyler anatoa shilingi 18 na peni 9. Hawaelewani, mazungumzo yanavunjika ghafla, na Palmer anarudi kwake. Zile jozi 80 za kwenye barua ya tarehe 17 zimeyeyuka.

Schuyler anatuma watu wilaya zote kutafuta wenye farasi na sleji zao. Malipo ni shilingi 12 kwa siku kwa jozi ya farasi, au pauni 7 kwa tani moja kwa maili 62. Tarehe 31 majina yanarudi: karibu jozi 124. Knox ana wasiwasi mmoja, nao una msingi, kwamba sleji za wakulima zimetengenezwa kwa magunia na kuni, si kwa mizinga mizito.

Kwa hiyo ile michoro ya safu ndefu ya maksai wakipanda milima ya theluji ina kasoro. Kutoka ziwani hadi Springfield kazi kubwa ilifanywa na farasi. Maksai walitawala baada ya hapo.

Januari 1, 1776

Watu wanatoboa matundu kwenye barafu ya mto Hudson, penye vivuko. Kwa asiyejua inaonekana ni wazimu, kudhoofisha daraja unalotaka kulipita. Maana yake ni hii. Barafu huongezeka unene kwa upande wa chini, na kadiri inavyonenepa ndivyo inavyozuia baridi isiyafikie maji. Theluji ikiilalia juu, hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa theluji ni blanketi. Ukitoboa, maji yanapanda, yanatapakaa juu na kukutana na hewa ya baridi kali moja kwa moja. Asubuhi una tabaka jipya juu ya lile la zamani. Unarudia. Inahitaji usiku wa baridi kweli. Hewa ikilegea, umejitengenezea dimbwi tu.

Januari 4–5

Hewa imelegea. Mzinga wa shaba wa 24 na mota ndogo zinaingia Albany, za kwanza kufika, na wakati huohuo inakuja habari kwamba mmoja wa mizinga mizito umevunja barafu na kuzama kwenye kivuko cha Half Moon, juu ya Albany. Tarehe 5 Knox anamwandikia Washington: kwanza ukosefu wa theluji ulimchelewesha, sasa joto hili linamzuia Hudson, mto anaopaswa kuuvuka mara nne kati ya Ziwa George na Albany. Usiku mmoja wa baridi kali ungetosha.

Utaratibu wa kuvuka unafaa kuelezwa. Farasi hawafungwi karibu na sleji kama barabarani. Kati yao na nguzo ya mbele ya sleji hufungwa kamba ya futi 40, mita 12 hivi. Faida ya kwanza ni kugawa uzito, ili farasi na tani mbili za chuma wasiwe juu ya kipande kimoja cha barafu. Ya pili ni usalama: pembeni ya kamba hutembea mtu mwenye shoka lililonolewa, macho yake kwenye sleji. Ikianza kuzama, anakata. Akisita, uzito unawavuta farasi kinyumenyume hadi tunduni, na hapo umepoteza mzinga na wanyama kwa pamoja. Mzinga una nafuu yake. Hauelei wala hauchukuliwi na mkondo, hivyo unajua ulipo.

Januari 7–8, Albany

Tarehe 7 mzinga mwingine mzito unazama, safari hii karibu na mji wenyewe. Tarehe 8 wanaanza saa 2 asubuhi, pole pole, sleji moja moja kwa kupishana. Hadi jioni wamevusha sleji 23, na mzinga uliozama umetolewa kwa msaada wa watu wa Albany. Kwa shukrani wakaupa jina la mji: The Albany.

Januari 9–10

Knox anachukua sleji na farasi wa akiba, tahadhari ambayo mwezi uliopita hakuwa nayo, kisha anaondoka saa 6 mchana baada ya kuona mizinga yote imeng’oka ng’ambo ya kivuko. Wanapita Kinderhook hadi Claverack, halafu wanageukia mashariki na kuingia milima ya Berkshire, koloni la Massachusetts. Aliandika kwamba kutoka vilele vile mtu angekaribia kuona falme zote za dunia.

Januari 11, Blandford

Maili 12 za msitu unaoitwa Green Woods, na mteremko mbaya kuliko yote. Kupanda ni suala la idadi tu: mzinga mzito hufungwa farasi wanane, na pakikaza unaongeza. Hatari iko kwenye kushuka. Sleji haina breki, ikipata kasi inawafuata farasi na kuwavunja miguu. Dawa zilikuwa tatu, na mara nyingi zilitumika kwa pamoja. Minyororo ilizungushwa kwenye miguu ya sleji ili ikwaruze chini. Miti ilisukumwa mbele ya miguu hiyo iwe kabari. Na kamba nene ilifungwa nyuma ya sleji, ikazungushwa kwenye shina la mti mkubwa na kulegezwa kidogo kidogo. Ikiisha, sleji inawekewa kigingi, kamba inahamishiwa mti wa chini zaidi. Usiizungushe mara nyingi mno, itajibana na kukatika kwa mshtuko. Ukiizungusha mara chache mno, itakuchoma viganja na kukuponyoka.

Blandford kundi la kwanza la wasafirishaji linagoma. Mbele, baada ya maili tano au sita, hakuna theluji, na wamiliki hawataki kuua farasi wao kwa kukokota kwenye mawe. Knox anawabembeleza saa tatu nzima, na wanakubali pale tu anapokodi timu mbili za maksai kuongeza nguvu. Sioni cha kuwalaumu. Farasi wale ndio waliolima mashamba yao.

Westfield

Habari zimetangulia. Watu wengi hapa hawajawahi kuona silaha kubwa hivi. Wanakuja kuzigusa na kukisia uzito, wanaleta mvinyo wa tufaha na wiski. Mzinga mmoja mkubwa waliouita Old Sow ulifyatuliwa mara kadhaa kuwafurahisha. Kwa jeshi lililokuwa likihesabu baruti kwa kijiko, huo ulikuwa ubadhirifu, lakini moyo wa watu nao una bei yake.

Springfield, katikati ya Januari

Matope. Wenye farasi wa New York wanalipwa na kurudi makwao, na maksai wa Massachusetts wanashika zamu. Maksai ni mzito wa mwendo kuliko farasi, lakini kwenye tope hatapatapi. Anaegemea nira na kuvuta kwa utulivu. Kutoka hapa njia inapita Brookfield na Worcester, na nchi inazidi kuwa tambarare. Tarehe 18 Knox mwenyewe anafika Cambridge, mzigo ukiwa nyuma.

Januari 25, Framingham

John Adams, akiwa njiani kwenda kwenye Kongresi, anaoneshwa mizinga baada ya chakula cha mchana na kuinakili shajarani: ya chuma ya 18 ni tisa, ya 12 ni kumi, mota za inchi 13 ni tatu, na kadhalika. Inasubiri hapo, kama kilomita 30 kutoka Boston, huku ikiandaliwa kwa ajili ya vituo vyake. Zile siku 16 au 17 zimekuwa karibu 40.

Februari

Sasa mizinga ipo na baruti haitoshi. Ghuba ya Boston imeganda, na Washington anataka kushambulia kwa kupita juu ya barafu; baraza la majenerali linakataa. Badala yake wanachagua vilima vya Dorchester, kusini mwa mji, ambavyo vinatazama bandari yote. Kikwazo ni kwamba ardhi imeganda sentimita 45 kwenda chini na jembe haliingii. Rufus Putnam, aliyeongoza kazi za ujenzi wa ngome, anapata jibu katika kitabu cha uhandisi wa kijeshi alichoazima kwa Jenerali Heath. Usichimbe ukuta, uje nao: fremu za mbao zilizotengenezwa mapema, zinazojazwa matita ya fito papo hapo.

Machi 4, usiku, Dorchester

Kwa usiku wa tatu mfululizo mizinga inanguruma kutoka upande mwingine wa mji, kuficha kelele. Mota kadhaa zilipasuka siku hizo kwa ugeni wa waliozihudumia. Jenerali John Thomas anapanda na watu 2,000: 1,200 wa kazi na 800 wa ulinzi. Mikokoteni 360 ya maksai inakwenda na kurudi, mingine zaidi ya mara moja. Kandokando ya njia yamepangwa marobota ya majani makavu ili Waingereza wasiuone msafara wala kuusikia. Juu ya kilima yanawekwa mapipa yaliyojazwa udongo. Mchana yanaonekana ni sehemu ya ukuta, lakini yako tayari kuviringishwa kuwakuta askari wanaopanda.

Machi 5–17, Boston

Alfajiri Jenerali William Howe wa Uingereza anaona ngome mbili mahali ambapo jana palikuwa na nyasi, na mizinga yake haiwezi kuinuka kiasi cha kuzifikia. Anaandaa shambulio, dhoruba ya usiku inalivunja. Machi 17 jeshi la Uingereza linapanda meli, pamoja na wakazi wapatao 1,100 waliobaki waaminifu kwa Mfalme, na kuondoka.

Hesabu ya safari aliyowasilisha Knox, ikiwa ni pamoja na gharama zake, za mdogo wake na za mtumishi, ilikuwa pauni 520 na shilingi 15 na ushei. Ndani yake ziliandikwa silaha 55, si 59 za orodha ya Ticonderoga, masanduku 23 ya risasi na lile pipa moja la gumegume.